WAKONGWE WACHEZE NUSU, WA AKIBA WACHEZE NUSU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Jambo moja limenisumbua tangu mwanzo wa mwaka. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa kuwachezesha wachezaji wakuu wa timu katika mechi za kujipima nguvu, zisizo na pointi wala kikombe, hali kila mtu ajua kwamba waweza kuumia?

Nitaanza mbali, huko Australia, kisha nitarudi nyumbani. Nafanya hivyo kwa sababu Mwalimu wetu wa Jiografia alitusimulia habari za Aliir Aliir. Kijana huyu alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa hapa Kenya, wazazi wake wakiwa watu wa Sudan. Alikwenda Australia angali mtoto, akakua, akawa mchezaji mashuhuri wa kandanda ya huko, na mwaka 2021 alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima. Tangu niliposikia habari hizo, nimekuwa nikisoma juu ya mchezo huo kila nipatapo nafasi katika chumba cha kompyuta.

Kandanda ya Australia si kama hii yetu. Uwanja wake ni wa umbo la yai, na mpira wake vile vile. Kila upande una watu 18 uwanjani. Mchezaji aruhusiwa kuudaka mpira, kuupiga ngumi kumpelekea mwenzake, na kumkamata mpinzani aliyeushika. Huruka juu hata goti la mmoja likaegemea bega la mwingine. Mchezo wa namna hiyo hauna huruma kwa magoti. Ligi yao huanza mwezi wa Machi, na kabla yake timu hucheza mechi za kujiandaa. Zamani mechi hizo zilikuwa na kikombe chake, lakini tangu mwaka 2014 kikombe kiliondolewa, zikabaki za kujipima tu.

Hapo ndipo penye ubishi. Wako wasemao kwamba wakongwe wafichwe. Mtu aliyekwisha cheza miaka minane hahitaji kuonyeshwa njia ya lango, naye akivunjika kabla ya ligi kuanza, timu imempoteza kwa ajili ya mechi ambayo hata mshindi wake hakumbukwi. Wako na wengine wasemao kwamba atakayeumia ataumia tu, hata mazoezini. Basi waachwe wacheze.

Kila upande una shahidi wake. Tom Liberatore wa Western Bulldogs alikuwa mchezaji bora wa timu yake mwaka 2014. Mwanzoni mwa 2015, katika mechi ya kujiandaa, kano ya goti lake ilikatika, na msimu wote ukampita. Lakini Sam Docherty wa Carlton aliumia goti Novemba 2017 akiwa mazoezini tu, na Desemba 2018 akaumia tena, mazoezini vile vile. Misimu ya 2018 na 2019 yote miwili ikampita, wala haikuwa mechi iliyomwumiza.

Tena tazameni fainali ya 2016, Bulldogs na Sydney, mbele ya watu karibu laki moja mjini Melbourne. Liberatore, aliyeumia katika mechi ya kujiandaa mwaka uliotangulia, alikuwamo uwanjani. Bob Murphy, nahodha wa Bulldogs, hakuwamo. Aliumia goti katika raundi ya tatu ya ligi mwaka huo huo, mechi ya pointi kabisa. Na Aliir, mzaliwa wa Kakuma, hakuweza kuichezea Sydney, kwa maana aliumia goti katika mechi ya mwisho ya kuingilia fainali. Bulldogs walishinda kwa 89 dhidi ya 67, wakapata ubingwa waliokuwa hawajaupata tangu 1954. Kocha wao, Luke Beveridge, akamwita Murphy jukwaani, akamvika medali yake mwenyewe.

Watu watatu, nyakati tatu. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaodhani kwamba kumficha mkongwe ni kumkinga. Goti halijui kalenda, na mwili usiozoeshwa kugongana huwa mgeni siku ya kwanza ya pointi. Lakini pia sikubaliani na wale wanaosema, “Ajali haina kinga,” kisha wakamwacha mtu acheze mpaka kipenga cha mwisho. Ajali haina kinga, ni kweli. Lakini mwenye kuvuka barabara mara kumi bila haja si sawa na aliyevuka mara moja akienda sokoni.

Kwa maoni yangu, lililo muhimu ni kuuliza mechi ile yampa mchezaji kitu gani. Mkongwe yampa pumzi, kuzoea kugongana, na kuelewana na wenzake. Hayo ayapata katika nusu ya kwanza. Nusu ya pili haimwongezei kitu ila hatari. Lakini mchezaji wa akiba nusu hiyo yampa jambo asiloweza kulipata penginepo, yaani kupambana na wageni wasiomwonea huruma. Hata Waaustralia, katika mechi zao za kujiandaa, huruhusu wachezaji wa akiba wengi kuliko katika ligi, ili vijana wapate kujaribiwa.

Sasa narudi nyumbani. Siku ya Wazazi, muhula wa kwanza, tulicheza mechi ya kirafiki na wageni. Mwalimu wa Michezo alikuwa amepanga kwamba nahodha wetu atoke wakati wa mapumziko, nami niingie mahali pake. Nilikuwa nimekwisha funga viatu. Tulipofika mapumziko tulikuwa sare, na wanafunzi wote wakaanza kuimba jina la nahodha, kwamba abaki. Mwalimu akatusikiliza. Simlaumu, sisi tulikuwa mamia, naye ni mmoja. Nami niliimba pia, maana niliogopa kuingia mbele ya wazazi wote wale. Dakika kumi kabla ya mwisho nahodha alikanyaga vibaya, goti likageuka, akabebwa mpaka kwenye gari la shule.

Muhula wa pili mashindano yalianza, na shati namba tano nikapewa mimi. Sikuwa nimecheza hata nusu moja na timu ya nje. Katika mechi ya pili mshambuliaji mmoja alinipita mara mbili, na mara zote mbili akafunga. Tukatolewa. Nahodha alikuwa ameketi kwenye benchi, magongo yake ubavuni. Nilidhani atanikaripia, lakini aliniambia neno moja tu: “Ungecheza ile nusu, ungemjua mtu wa namna ile.”

Basi hasara yetu ilikuwa maradufu. Mkongwe aliumia katika dakika zisizokuwa zake, na wa akiba alinyimwa dakika zilizokuwa zake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika mechi ya kirafiki kila mchezaji mkuu acheze, lakini asizidishe nusu. Pili, majina ya watakaotoka na watakaoingia yabandikwe ubaoni asubuhi ya mechi, wala yasibadilishwe kwa kelele za watazamaji. Tatu, mchezaji akisema goti lamwuma, asiitwe mwoga.

Nanyi wazazi wetu, mkija shuleni mkaona nahodha ametoka mapema, msidhani tumewadharau. Tunamweka kwa ajili ya siku ya kazi.

Mimi namaliza shule mwaka huu, na shati namba tano nitalirudisha stoo. Atakayelivaa baada yangu naomba apewe nusu yake mapema. Mwenye kuona vingine na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha popote nitakapokuwa.