Mtoto Akinyamaza Bwenini, Usiseme Amezoea

Kila muhula unapofunguliwa, barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru hujaa matatu zilizobeba masanduku na magodoro. Hapa Kariandusi tunaziona zikipita, na ndani yake wamo watoto wasiofikisha hata miaka kumi. Desturi hii si ngeni pande hizi. Shule ya Pembroke House, Gilgil, ilianzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya watoto wa walowezi. Walowezi walipoondoka, desturi ilibaki.

Wazazi wana sababu zao. Wengine hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, wengine wanatafuta alama nzuri za mtihani. Lakini, msomaji, kuna neno moja linalotutuliza haraka mno: "Amezoea, halii tena."

Mwaka 1952, James Robertson alionyesha huko London filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini bila mamake. Wauguzi wa siku hizo waliamini kwamba mtoto aliyenyamaza ameridhika. Robertson aliwaonyesha kuwa huenda amekata tamaa tu. Mtoto wa miaka saba ni mkubwa kuliko yule, lakini naye hana maneno ya kutosha kueleza huzuni. Mwili ndio humsemea: tumbo linauma kila asubuhi, chakula hakishuki, usingizi unakatika.

Dalili inayoadhibiwa zaidi ni kukojoa kitandani. Mtoto aliyekwisha kuacha anaweza kurudia akiwa na wasiwasi. Huo si ukaidi wala uvivu, maana hutokea akiwa usingizini. Kumbebesha godoro mbele ya wenzake humzidishia hofu, na viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001. Wala asinyimwe maji mchana. Apimwe mkojo, na iwapo ana kiu nyingi na anakonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo, kwani kisukari huwapata hata watoto.

Moto wa Hillside Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21 Septemba 2024, na baadaye serikali ikaamuru mabweni ya shule 348 za msingi yafungwe. Ilikuwa sawa kukagua milango na madirisha. Lakini nani anakagua kama kuna mtu mzima anayemjua kila mtoto kwa jina?

Maoni yangu ni haya: ikiwa kuna shule ya kutwa unayoweza kuifikia, mtoto wa chini ya miaka kumi alale kwao. Ikiwa hakuna budi, mjue matroni kabla ya kulipa karo. Mweleze wazi kama mtoto hukojoa. Usikose siku ya kuwatembelea, na usiondoke kwa kumtoroka, muage. Akifunga shule, usianze na ripoti ya mtihani. Muulize analala karibu na nani, na akilia usiku humwendea nani. Akikosa jina la kutaja, basi huyo bado hajazoea.