Wana Fizikia, fungeni redio za magari yenu wenyewe!

Leo tuache habari za bumu na nani kasapu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu likizo na najua wengine mtanuna, hasa wenzangu wa ualimu wa sayansi. Msimamo wangu ni huu: mtu aliyefaulu Fizikia kidato cha nne hana sababu ya kumkabidhi ki-Vitz chake mtu wa kwanza anayemkuta na pleya mkononi eti amfungie redio. Redio na spika za gari dogo ni kazi ya kufanya mwenyewe, Jumamosi moja, ukiwa na bisibisi, mita na kichwa kilichotulia. Na anayeshindwa kabisa kuifanya, basi angalau aijue kiasi cha kumsimamia fundi.

Kwanza tuelewane kwa nini redio imekuwa tatizo la kila mwenye gari dogo. Hizi Vitz, Passo, IST na Raum zinazojaa barabarani karibu zote zimeshuka bandari ya Dar zikitoka Japani zikiwa zimeshatumika. Injini inaongea lugha yoyote, redio inaongea Kijapani. Na tatizo sio maandishi tu. Japani FM yao ilikuwa inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, kwa sababu kule juu, 90 hadi 108, walikuwa wamewapa chaneli 1 mpaka 3 za televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilizimwa Julai 2011 (mikoa mitatu iliyopigwa na tsunami ikasubiri hadi Machi 2012), ndipo redio zikaongezewa nafasi hadi 95. Sisi huku tunarusha kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo gari lako linafika Bongo likiwa na redio nzima kabisa ambayo inaona kipande kidogo tu cha steshini zetu, kama mtu anayechungulia sinema kwenye tundu la mlango.

Hapo ndipo anapokuja muuza ekspenda. Hicho kidude kinachomekwa kati ya antena na redio, kazi yake ni kutoa. Nasema kutoa kama hesabu ya darasa la pili: steshini iko 98, kidude kinatoa 20, redio inaisoma 78. Mteja anafurahi, anaondoka. Sasa we mwana hesabu hebu kaa chini. Redio ya zamani ina nafasi ya 76 hadi 90, yaani 14 tu. Bendi yetu ina upana wa zaidi ya 20. Utaingizaje gunia la debe sita kwenye gunia la debe nne? Ukitoa 20, kinachoingia ni kuanzia 96 kwenda juu. Steshini zilizoko kati ya 90 na 96 zimebaki nje, na hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu hutazipata. Mtu anahamia Songea, anakosa steshini aipendayo, analaumu mnara! Hesabu ya kutoa ingemwambia yote haya kabla hajafungua pochi.

Wenye redio za navigesheni za Toyota wana msiba wa pili. Ukitoa betri ukarudisha, skrini inakuomba namba ya siri, ile ya ERC, ambayo mwenye gari wa kwanza kule Japani ndiye aliyeiweka au hakuiweka. Usipokuwa nayo una saa ya dashibodi, huna redio. Kwa hiyo wengi wanaishia kununua redio mpya, za Android au zile ndogo za flashi na Bluetooth. Mimi nawaunga mkono. Kati ya ekspenda na redio mpya inayofika 108 yenyewe, chukua redio mpya. Ugomvi wangu unaanzia kwenye kuifunga.

Nyumbani kwetu Lundo, pale mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, mjomba wangu ana Passo. Alipeleka gari mjini kufungiwa redio na spika mpya, akarudi nalo linaunguruma vizuri tu. Wiki ya pili akaniita: “We mwalimu, hebu njoo unuse hapa.” Shikamoo mjomba, nikanusa. Plastiki inaungua. Nikatoa kava ya dashibodi. Plagi ya kiwandani ilikuwa imekatwa na kutupwa, waya zote zimesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu ambayo kwa joto ilikuwa imeshaanza kuachia gundi. Waya wa betri unasugua chuma cha kushikilia redio. Na fyuzi? Fyuzi ilikuwa imezungushiwa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara! Yaani fyuzi ilikatika ikiwa inafanya kazi yake, inapiga kelele kwamba kuna waya unagusa bodi, na mtu akaona suluhisho ni kuiziba mdomo.

Wadau, hili ndilo la kushika kuliko yote leo. Fyuzi hailindi redio, inalinda WAYA. Betri ya gari dogo ikipata njia fupi inaweza kusukuma mamia ya ampea, na joto kwenye waya linapanda kwa mraba wa mkondo. Tulikariri wote hiyo fomula chini ya vimbweta. Mkondo ukiwa mara kumi, joto ni mara mia. Waya mwembamba wa redio hauwezi, utakuwa mwekundu kama wa jiko la umeme, na umelala juu ya sponji na plastiki. Mjomba angekuwa anashuka na watoto kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kona zile na mteremko ule, dashibodi inashika moto, ungemwambia nini? Pole?

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, mwone kama kuna muujiza.

Plagi kwanza. Toyota nyingi nyuma ya redio zina plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Madukani zinauzwa plagi za kuunganishia, upande mmoja unaingia kwenye gari na mwingine unaunga na redio yako. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na redio. Ukiwa nayo hukati waya hata mmoja wa gari, na siku ukiuza gari unachomoa vyako na kuondoka. Fundi anayekata plagi ya kiwandani wakati hii ipo anaokoa dakika kumi zake kwa kuharibu gari lako.

Rangi za redio mpya nyingi zinafanana: njano ni umeme wa betri wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi ni ethi. Spika zinakuja mbilimbili: nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi. Rangi za upande wa gari usiziamini, pima kwa mita. Ukiunga nyekundu kwenye umeme wa kudumu, redio haitajua kuwa umezima gari, inakunywa betri usiku kucha. Mjini hiyo ni usumbufu. Kijijini ni balaa, kwa sababu Vitz ya automatiki huwezi kuisukuma ikawaka kama tulivyozoea kwenye magari ya gia za mkono. Mtasukuma mpaka ufukweni.

Spika nazo zina hasi na chanya, na hasi yake SIO ethi. Redio za sasa zinasukuma waya zote mbili za spika. Ukichukua ule wenye mstari ukaufunga kwenye bodi ya gari unaweza kuunguza redio siku ileile. Halafu kuna kosa la kimyakimya ambalo watu wanaishi nalo miaka: spika ya kushoto imeungwa sawa, ya kulia imegeuzwa. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, mawimbi yanauana, besi inapotea. Mtu anadhani spika ni feki, anakwenda kununua sabufa! Dawa yake ni betri ya tochi ya volti 1.5. Gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwa sekunde moja: karatasi ya spika ikiruka kwenda nje, umepata. Ikiingia ndani, geuza. Ni kuingiliana kwa mawimbi, mada ileile tuliyokesha nayo, na hapa unaisikia kwa masikio yako.

Mlangoni, spika za kiwandani katika Toyota nyingi zimepigwa ribiti, kwa hiyo utahitaji kutoboa ribiti taratibu. Ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango irudishe kama ulivyoikuta. Inazuia maji ya mvua yanayopita kwenye kioo yasiingie ndani, na inasaidia kutenganisha sauti ya mbele ya spika na ya nyuma. Ukiziba na yale matundu makubwa ya bati, utashangaa spika ya kawaida inavyoanza kutoa besi. Kwa barabara zetu za vumbi hii ina faida ya pili, maana mlango usiozibwa unacheza ngoma yake peke yake.

Na msidanganywe na wati. Boksi limeandikwa 50W mara nne. Haya, gari likiwaka betri ina kama volti 14.4. Kwa redio isiyo na kifaa cha kupandisha volti ndani yake, hicho ndicho kilele cha mawimbi. Zidisha kwa 0.707 unapata kama 10.2. Piga mraba, gawanya kwa omu 4 za spika: wati 26. Hapo bado hatujatoa hasara za redio yenyewe. Hiyo 50 wameitoa wapi? Ni namba ya kilele cha kupiga picha, sio ya kusikilizia muziki. Ukitaka sauti kubwa kweli unahitaji amplifaya, na amplifaya inavuta waya wake mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake karibu kabisa na betri, isizidi kama sentimita 45. Fyuzi ikiwekwa kule kwenye buti, waya wote wa katikati hauna mlinzi.

Sisemi kila kitu ukishike. Plagi za njano chini ya usukani na kwenye dashibodi ni za eabegi, hizo ziache kama zilivyo, na kabla ya kuanza toa waya hasi wa betri (ukijua kuwa redio ya ERC itajifunga). Amplifaya kubwa ukiona inakuzidi, mtafute fundi anayeheshimika.

Kuna watakaosema nataka kuwanyang'anya mafundi ugali. Hapana. Kuna mafundi pale Gerezani, Kariakoo, ambao hawajaingia darasa la Fizikia hata siku moja na wanafunga waya kwa unadhifu ambao maabara zetu nyingi hazijauona. Mteja anayejua kazi ndiye anayewalipa vizuri hao, kwa sababu anaona tofauti. Mteja asiyejua anawafananisha na mtu wa karatasi ya sigara, halafu anachagua wa bei rahisi. Ujinga wetu ndio unaowanyima ugali mafundi wazuri.

Wengine watasema mwalimu na spika wapi na wapi. Enhe, hapo ndipo panaponiuma! Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari, na sisi tunaopiga desa hapa ndio tutakaosimama mbele ya madarasa hayo. Tutafundisha ukinzani, mkondo na volti kwa chaki mpaka lini? Mtoto wa Lundo au Liuli anaona gari, anaona redio, anaona sola juu ya bati la jirani. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kuwa ile V = IR ya ubaoni ndiyo hii inayonuka nyuma ya dashibodi. Redio moja mbovu ya gari, betri, spika mbili na mita vinatosha kufundishia muhula mzima, na watoto hawatasinzia. Lakini mwalimu ambaye hajawahi kushika mita atayasemaje hayo bila kuona aibu?

Kwa hiyo ombi langu kwa wana Fizikia wa kampasi: bumu likitoka, kabla ya vyote, nunua mita. Sio ya gharama, ile ya kawaida kabisa. Tafuta gari la kaka, la shemeji, la mjomba, omba ruhusa, fungua kava, usikate kitu, pima tu. Waya gani una umeme ufunguo ukiwa nje? Fyuzi ya redio ni ya ampea ngapi, na aliyeiweka mara ya mwisho aliweka ile ile? Nusu saa tu. Mkikuta karatasi ya sigara humo ndani, itoeni leo leo.

Nawasilisha.