Pima Chumba Kwanza

Anayekwambia huwezi kupiga picha nzuri ya mtu bila lenzi ya 85mm hajawahi kupiga picha Miritini. Mgeni huijua Miritini kwa stesheni ya SGR iliyofunguliwa 2017: anashuka, anadandia matatu, huyo mjini. Sisi tunaokaa huku tunakaa vyumbani, na huko vyumbani ndiko dini hii ya lenzi ghali inakofeli. Inawatia vijana madeni ya simu, na inawanyima wanaopigwa picha kitu chao.

Tuanze na hesabu. Chuo niliacha, lakini hii haihitaji chuo. Utepe wa fundi cherehani watosha. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 ni kama mita 3 kila upande. Toa kitanda, toa kabati, toa ndoo za maji. Kati yako na uso wa mtu zimebaki mita 2, ukibahatika. Na kamera tulizo nazo wengi wetu, zile za mtumba, zina sensa ndogo. Kwa sensa hiyo ya Canon, 85mm huona kama 136mm. Simama mita 2, shika kamera wima: utapata kichwa na mabega, basi. Ukitaka na mikono, bomoa ukuta wa landilodi.

50mm hapohapo inamshika mtu kutoka kichwani hadi kiunoni. 35mm inamshika aliyeketi karibu mzima, na kiti chake.

Halafu mwanga. Ile 18-55mm inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake hufunguka hadi f/5.6 tu. 50mm ya f/1.8, ile ya plastiki wanayoicheka mitandaoni, huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Mara 10! Penye dirisha moja na balbu moja, hiyo ndiyo tofauti kati ya uso na chenga. Na 85mm ya f/1.8? Mwanga uleule. Doh zako za ziada zinanunua umbali, na umbali ndio chumba hakina.

"Lakini bro, ule ukungu wa nyuma!" Haya, hapo ndipo tunapogombana hasa.

Pwani hii imezungumza kwa mandhari siku nyingi. Wapiga picha wa Likoni, pale feri, walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa, meli na ndege. Kibarua aliyetoka bara alisimama mbele ya meli, akatuma picha kwao. Alijua ni rangi tu. Lakini alichagua mwenyewe asimame mbele ya nini. Leo tunamchagulia sisi: simama mbele ya ukungu.

Bibi mmoja mtaani kwetu alitaka picha. Akatandika kitanda, akapanga vikombe vyake kabatini, akajitanda leso mpya. Aliyempiga alimletea uso mzuri unaoelea kwenye moshi. Bibi akaitazama, akauliza, "Na vikombe vyangu viko wapi, mjukuu wangu?"

Najua jibu lenu: wateja wengine hawataki chumba chao kionekane. Kweli, na wana haki. Basi waulizeni! Asiyetaka, mfichie, f/1.8 inakutosha. Anayetaka, msogeze karibu na kabati lake, zima flashi, fungua mlango wote, chukua 35mm, funga tundu hadi f/4. Kwa mita 2 utapata karibu nusu mita iliyo makini, uso na vikombe pamoja. Mwanga utapungua, ndiyo maana nikasema mlango. Mwanga wa mlango hauna riba.

Ukipiga nje, penye uwanja wa kurudi nyuma hatua 10, beba 85mm yako, hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayemwambia kijana wa Miritini kwamba bila hiyo yeye si mpiga picha, ilhali hajamuuliza swali hata moja kuhusu chumba atakachopigia.

Kwa hivyo kabla hujakopa, azima utepe, ingia chumba unachopigia mara nyingi, pima. Kisha muulize mwenye chumba anataka nini kionekane. Ukishajua hayo mawili, ndipo uende dukani.