Kujitolea kwenye filamu: lini unajifunza, lini unatumikishwa

Minada ya korosho inapoanza na fedha kuingia vijijini, meseji za aina moja huongezeka kwenye simu ya studio yetu. Zinatoka Nanyamba, Kilambo, Msimbati, Mikindani. Kijana anataka kuigiza, na ameambiwa aende Dar es Salaam akajitolee kwanza, ndipo atatoka. Wengine wameshatajiwa hata kiasi cha kutuma kwa ajili ya fomu. Wanatuuliza: twende?

Wanaosema ndiyo wana ushahidi mkononi, na hatuwezi kuupuuza. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, hakuanzia kwenye filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliingia Kaole Sanaa Group, kundi la maigizo lililokuwa likionekana ITV. Humo walipita pia Vincent Kigosi, huyu tunayemwita Ray, na Blandina Chagula, yaani Johari. Kufikia 2006 Kanumba alikuwa ndani ya Dar 2 Lagos, filamu iliyowakutanisha waigizaji wa Tanzania na wa Nigeria. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu, na hata huku Kusini watu walilia kama wamefiwa na ndugu.

Sasa tuangalie kundi kama lile lilimpa nini kijana. Lilikuwa na mazoezi, lilikuwa na wakubwa wa kumkosoa, na lilikuwa na televisheni ya kumwonyesha. Hata kama mfukoni hakikuingia kitu, sura yake ilijulikana, na aliyekuwa akitafuta mwigizaji alijua ampate wapi. Huko ndiko kujitolea kulikozaa matunda. Anayekwambia leo ujitolee, muulize kama anavyo hivyo vitu.

Wengi hawana, na sababu yake ni biashara yenyewe. Enzi za kanda na CD, mara nyingi msambazaji alinunua haki za filamu kwa mkupuo, mtayarishaji akagawa alichopata, na mchezo ukaishia hapo. Filamu ikiuzwa miaka kumi, aliyeshika taa hakuona senti ya pili. Soko la CD likafa kwa kurudufiwa mitaani, na leo wanaonunua kazi ni wachache: chaneli za kulipia kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo, na wengine wanajitegemea YouTube. Wanunuzi wakiwa wachache na watu wanaotaka kuingia wakiwa maelfu, rahisi kwa mtayarishaji kubana gharama ni kwa watu. Mafuta ya jenereta hayakopeshwi, lakini kijana mwenye ndoto anafanya kazi bure.

Huku kwetu jambo hili si geni. Kwenye ngoma zetu, mtoto huanza kwa kukusanya kuni na kuziota ngoma moto ili zikaze ngozi. Halipwi. Lakini yuko kwao, anakula kwao, anasikiliza mapigo kila siku, na wakubwa wakiona mkono wake umekubali wanampa ngoma. Kijana aliyesafiri zaidi ya kilomita 500, anayelala kwa rafiki Mbagala na kuombaomba nauli ya daladala, hayuko kwenye mkataba wa namna hiyo. Njaa itamtoa kabla hajajifunza.

Ndiyo maana maoni yetu ni haya: anzia hapa. Na usianze na kuigiza peke yake. Kila kundi lina waigizaji wengi, ila mtu anayejua kunasa sauti safi kwenye upepo wa pwani, au kuhariri picha, anatafutwa. Harusi, mikutano ya vijiji, matamasha kama MaKuYa, vyote vinapigwa picha. Mwombe anayepiga umbebee vifaa, kwa makubaliano: miezi mingapi, atakufundisha nini, nauli na chakula cha siku ya kazi juu ya nani, na jina lako litaandikwa wapi. Yaandikeni, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili. Akikataa kuandika, umeshajua.

Kama una hadithi yako, iandike na uweke tarehe kabla hujamsimulia mtu. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inamlinda mwandishi, na COSOTA inasajili kazi, jambo linalosaidia mkija kugombana. Ukitaka kupiga filamu, kibali kinatoka Bodi ya Filamu, na Afisa Utamaduni wa halmashauri yako ndiye wa kumwona kwanza. Ukipanga kurekodi Msimbati au sehemu nyingine ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, uliza pia ofisi ya hifadhi. Usingoje kufukuzwa kamera ikiwa imeshafunguliwa.

Kuhusu fedha ya fomu: kazi ya kweli haimtozi mtu asiyemjua kwa simu. Usitume.

Na mabinti, hili tunalisema bila kuzunguka, wazazi nao wasikie. Bosi anayetaka mwili ndipo atoe nafasi hakujaribu “moyo wako wa kujituma”. Anatenda kosa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinalitaja, na adhabu yake inafika hadi kifungo cha miaka mitatu. Tunza meseji zake, usizifute kwa aibu. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure, na ofisi yao ya mkoa ipo hapa hapa Mtwara mjini.