Mvua ya Nyeri, samaki wa Garsen: Mvuvi wa ziwa anahitaji kalenda mpya

Mvuvi wa bahari hafundishwi kupanga safari. Muulize nahodha wa Kipini au wa Shela atatoka lini, hatakutajia tarehe peke yake. Atakutajia upepo, mwezi na maji. Kusi likikaza kati ya Juni na Agosti, chombo kidogo hakivuki mwamba. Kaskazi likitulia, bahari inalala na watu wanakwenda mbali. Bamvua ina uvuvi wake, maji mafu yana uvuvi wake. Wazee wetu waliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, na kila mwongo ulijulikana kwa tabia yake.

Lakini Pwani yetu ina maji mengine ambayo hatuyazungumzi sana. Kuna Mto Tana na maziwa yaliyouzunguka kule delta: Shakababo, Bilisa, Moa na mengine madogo madogo. Kuna Sabaki inayoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Kuna Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni, na kule Taita Taveta kuna Jipe na Chala. Maji haya yanalisha maelfu ya watu wetu kambare, kamongo na perege. Baadhi yetu mijini hukunja pua tukisikia kambare, lakini kusi linapofunga bahari na bei ya changu na tafi ikapanda, samaki huyo wa maji matamu ndiye anayeweka kitoweo mezani kwa wengi.

Swali langu leo ni hili: mvuvi wa maji hayo anapanga safari yake kwa kalenda gani? Ziwa halina bamvua wala maji mafu. Zamani lilikuwa na kalenda yake, nayo ilikuwa ni mafuriko. Kalenda hiyo imevurugwa, na hakuna aliyempa mvuvi nyingine badala yake.

Ziwa linalozaliwa na mto

Tuanze na namna maziwa ya delta yanavyoishi. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, takriban kilomita 1,000. Unaanzia Mlima Kenya na safu za Aberdare, unapita Garissa, Hola na Garsen hadi Kipini. Ukifika nchi tambarare, mto hujikunja kama nyoka. Kila baada ya miaka hukata kona moja na kuiacha nyuma, na ile kona iliyoachwa ndiyo inayogeuka kuwa ziwa. Maziwa mengi ya delta yamezaliwa hivyo.

Ziwa la namna hii haliishi kwa mvua inayolinyeshea juu yake. Linaishi kwa mto kufurika na kulimwagia maji kupitia mikondo midogo. Maji hayo mapya huja na rutuba, na pia humpa samaki nafasi ya kuzaa. Kambare hungoja maji yapande, akatoka kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Perege hutafuta maji ya kina kifupi, na jike huyabeba mayai na watoto mdomoni mpaka wapate nguvu. Mto usipofurika, ziwa halipati maji wala mbegu. Mto ukifurika kwa wakati wake, miezi michache baadaye nyavu zinakuwa nzito.

Hapo ndipo penye jambo kubwa. Mafuriko ya Garsen hayatoki kwenye mbingu ya Garsen. Mvua inanyesha Nyeri, Murang'a na Kirinyaga, na sisi huku tunaweza kuwa chini ya jua kali huku mto unapanda. Mwenye kutazama mawingu ya juu ya kichwa chake kabla ya kwenda ziwani anatazama mahali pasipo.

Mwaka wa maji, kama unavyotakiwa kuwa

Kwa mpangilio wa kawaida, mwaka wa delta una vipindi vinne, na mwenye kupanga safari ya uvuvi anafaa avijue.

Januari hadi Machi ni kaskazi na joto. Maji yanapungua, samaki wanabanana mahali padogo, na kuwavua ni rahisi. Hapa ndipo penye mtihani wa nafsi. Samaki wanaobaki wakati huo ndio wazazi wa msimu ujao, na mwenye kukokota nyavu ya chandarua kwenye dimbwi la mwisho anakula mbegu. Ndio wakati pia ambao wafugaji huteremsha mifugo delta kutafuta maji na majani. Dago la wavuvi na njia ya ng'ombe hukutana ukingoni mwa ziwa moja. Tunakumbuka damu iliyomwagika Tana Delta mwaka 2012 na 2013, kwa hiyo kupanga safari wakati huu ni pamoja na kuzungumza na jirani kabla ya kupiga kambi.

Aprili hadi Juni ni masika. Mto unapanda, maziwa yanajaa, samaki wanatawanyika kwenye majani na kuzaa. Anayekwenda wakati huu anachoka sana na kupata kidogo, na hatari ni nyingi. Mkondo una nguvu, magogo yanaelea, na mamba na kiboko wanatoka kwenye maeneo yao ya kawaida na kusogea ukingoni, karibu na mashamba na nyumba.

Julai hadi Septemba maji yanaanza kurudi. Samaki waliozaliwa wamekua, wanafuata maji yanayoteremka ziwani, na malema na nyavu zilizotegwa kwenye mikondo hiyo hupata kitu. Mwenyezi Mungu amepanga rizki kwa namna ya ajabu, kwani huu ndio wakati kusi limefunga bahari. Mlango mmoja umefungwa na mwingine umefunguliwa. Kinachohitajika ni tahadhari ya upepo. Ziwa ni dogo lakini mtumbwi nao ni mdogo, na upepo wa mchana huinua mawimbi. Safari ya alfajiri ni bora kuliko ya adhuhuri.

Oktoba hadi Desemba ni vuli, na mto hupanda tena. Ni masika ya pili kwa mvuvi, fupi lakini yenye uzito uleule.

Mkono ulioingia katikati

Hiyo ndiyo kalenda ya mto usioguswa. Tana ya leo si mto usioguswa. Huko juu kuna mabwawa matano ya umeme yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilikamilika 1968. Masinga, ambalo ndilo ghala kubwa la maji kuliko yote hayo, lilikamilika 1981.

Kazi ya ghala ni kuweka wakati wa wingi na kutoa wakati wa uchache. Masika yanapoanza, bwawa linameza maji ambayo zamani yangefika delta. Kiangazi, linaachilia maji kidogo kidogo kuzungusha mitambo ya umeme. Kwa mwenye kuwasha taa Mombasa hilo ni jema, na sipingi umeme. Lakini kwa ziwa la delta maana yake ni kwamba yale mafuriko ya wastani, yanayojaza bila kubomoa, yamepungua. Yanayobaki ni ya aina mbili: mwaka usio na mafuriko kabisa, na mwaka ambao bwawa limejaa pomoni, halina pa kuweka, na maji yote yanashuka kwa pamoja.

Tumeyaona yote mawili katika muda wa miaka minne tu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Kisha ikaja El Niño ya mwisho wa 2023, na baada yake masika mazito ya 2024. Aprili ya mwaka huo boti lilipinduka Kona Punda, upande wa Garissa, kwenye maji yaliyofunika barabara, na watu wakapoteza maisha. Mvuvi aliyekuwa akisubiri maji kwa miaka akajikuta anayakimbia.

Sasa mtu huyu apange vipi? Masika ya mwezi wa nne anayajua. Asichokijua ni kama maji ya mwezi wa nne yatafika kwake, yatabaki Masinga, au yatakuja mwezi wa tano yakiwa na hasira.

Habari ipo, haimfikii

Kinachouma ni kwamba majibu ya maswali haya yanajulikana. Masinga ina alama yake ya kujaa, mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na wasimamizi wa bwawa wanajua kila siku maji yako wapi chini ya alama hiyo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji hupima kina cha mto Garissa na Garsen. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, wa mwezi na wa wiki, na ina mkurugenzi wake katika kaunti. Kutoka mabwawani hadi delta maji huchukua siku kadhaa kusafiri. Siku hizo ni nafasi tuliyopewa, na mara nyingi tunaipoteza.

Ni kweli KenGen hutoa tahadhari bwawa linapokaribia kumwaga. Lakini tahadhari hiyo humwambia mtu ahame. Mvuvi anahitaji habari ya mapema zaidi na ya kawaida zaidi: bwawa liko asilimia ngapi, maji yanayoachiliwa wiki hii yameongezeka au yamepungua, kina cha mto Garissa jana kilikuwa kipi. Akiipata hiyo kila Ijumaa, kwa Kiswahili, kupitia redio za Pwani na simu za viongozi wa BMU, ataijengea kalenda mwenyewe. Ni watu waliosoma bahari kwa kutazama nyota, hawatashindwa na tarakimu tatu.

Ujinga wa hali ya maji una gharama. Anayepiga dago la wiki mbili ziwani akakuta maji hayajaingia, amekula mkopo wa nyavu na barafu bure. Anayelala kwenye kisiwa cha mchanga mtoni usiku ambao maji yanashuka kutoka juu, huenda asiamke. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mamba au kiboko, lakini kila mkazi wa Garsen anajua familia zinavyozungushwa kabla ya kuiona, kama wataiona.

La kufanya

Uvuvi umegatuliwa, uko mikononi mwa kaunti. Mabwawa yako mikononi mwa serikali kuu. Mvuvi amesimama katikati, na kila upande unamwambia aulize upande wa pili. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kaunti za Tana River na Lamu kudai rasmi taarifa za mabwawa za kila wiki na kuzipeleka hadi ukingoni.

Hatua ya pili ni kupumzisha samaki kwa kufuata maji. Ukifunga uvuvi kwa tarehe moja kila mwaka, utafunga wakati ziwa ni kavu na kufungua wakati kambare anataga. BMU zipewe uwezo wa kufunga mikondo inayoingia ziwani pale maji mapya yanapofika, kwa wiki chache, na kufungua yanapoanza kurudi. Mikondo hiyo nayo ilindwe. Anayeiziba ili kulima mpunga au kujenga tuta anaziba koo la ziwa zima. Tana Delta ni eneo la ardhi oevu lenye hadhi ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2012. Hadhi hiyo isibaki kwenye kibao cha barabarani.

Hatua ya tatu ndiyo nzito zaidi. Kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa bwawa jingine kubwa Tana, High Grand Falls, chini ya hayo matano. Huko kwenye Mto Athi, ambao ndio Sabaki yetu, bwawa la Thwake linajengwa. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba ya maji ambayo ni haki ya watu na viumbe vya mto kabla ya matumizi mengine. Wabunge na maseneta wa Pwani wanapaswa kuuliza kwa sauti: akiba ya delta ni kiasi gani, na katika mwezi gani itaachiliwa kama mafuriko ya kujaza maziwa? Maji ya kutiririka mwaka mzima hayatoshi. Ziwa linahitaji mto upande na kuvuka kingo, angalau mara moja kwa mwaka, kwa wakati ambao samaki na wavuvi wanaujua. Bwawa linaweza kufanya hivyo, likiamriwa.

Kuna watakaosema rizki iko kwa Mungu, na maji yakija yatakuja. Rizki iko kwa Mungu, hilo halina ubishi. Lakini tumefunzwa pia kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Mababu zetu walimtegemea Mola na bado walihesabu miongo, wakatazama nyota, wakajua siku ya kutweka na siku ya kukaa. Mvuvi wa Shakababo anastahili elimu kama hiyo kuhusu maji yake, na walio na funguo za maji hayo ndio wenye deni la kumpa.