Shule na Jirani Zake

Watu husema kwamba shule ni mali ya serikali. Neno hili ni nusu ya kweli. Serikali huleta mwalimu na mshahara wake, vitabu na mitihani. Lakini jengo lenyewe, katika vijiji vingi vya Tanzania, lilianza kwa mikono ya jirani. Yafaa kulitazama jambo hili huko Didia, kata iliyo katika Wilaya ya Shinyanga, kwa kuwa nchi ya Wasukuma yaijua kazi ya pamoja tangu kale, faida yake na hasara yake.

Zamani vijana wa kijiji cha Kisukuma walikuwa na chama chao cha kulima, na mkubwa wao aliitwa nsumba ntale. Mwenye shamba aliyehitaji msaada alikwenda akapatana nao. Kisha vijana wakaja na majembe yao, wakalima kwa ngoma na nyimbo, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Mvivu alijulikana mara moja, maana jembe lake lilichelewa. Asiyefika kabisa alitozwa faini.

Katika miaka ya 1920 nguvu hizo zilitumika kwa kazi kubwa zaidi. Mbung'o walikuwa wakienea na kuua ng'ombe. Mwingereza mmoja, C. F. M. Swynnerton, pamoja na watemi wa Shinyanga, waliwakusanya watu kwa maelfu, wakakata vichaka na kuvichoma. Mbung'o wakarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka. Lakini miti ilizidi kukatwa, kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, na mifugo ikazidi malisho. Hata kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa uwanda mtupu wenye vumbi. Wanaosifu umoja peke yake husahau kuuliza: umoja wa kufanya nini?

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Busara ya mpango huo ilikuwa kuirudia desturi ya wenyeji, nayo ni ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, yakafunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokosa chakula. Watu waliacha visiki vichipuke, wakapanda na miche. Jamaa walikuwa na ngitili zao, vijiji vilikuwa na zao, na shule pia. Mwaka 2002 HASHI ilitambuliwa katika kinyang'anyiro cha tuzo ya Equator, itolewayo na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Na ngitili ya shule haina ukuta. Ulinzi wake ni ahadi ya jirani tu, kwamba ng'ombe wake hawataingia.

Kwa majengo mambo ni magumu zaidi. Desturi ni hii: wanakijiji hufyatua matofali, huleta mchanga, mawe na maji, husimamisha kuta, kisha serikali huezeka. Kuta hizo zisizo na paa huitwa boma. Boma likikaa miaka mingi bila bati, mvua hulila, na waliochoka kwa kulijenga hawataitikia mwito wa pili. Hapo lawama si ya wanakijiji.

Tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima imeondolewa katika shule za serikali. Ilikuwa haki, kwa maana mtoto wa maskini alikuwa akirudishwa nyumbani kwa kosa lisilo lake. Lakini wazazi wengine wamefahamu kwamba sasa hawadaiwi hata siku moja ya kazi. Hao wamekosea. Na viongozi wanaotaka kuurudisha mchango wa lazima kwa jina la umoja wamekosea zaidi. Mwenye mkokoteni na alete mchanga; asiye na kitu alete ndoo ya maji; mzee aachwe apumzike. Mtoto asifukuzwe darasani kwa ajili ya tofali la baba yake.

Wanafunzi nao wana sehemu yao, kufagia, kupanda miti, kupalilia bustani, wavulana kwa wasichana. Maana kuchota maji si kazi ya wasichana peke yao. Lakini shamba la mwalimu si shamba la shule, wala saa ya hesabu si saa ya kulima.

Wakati mgumu ni likizo ya Juni. Mvua imekwisha, shule imefungwa, na mche uliopandwa mwaka huu bado wataka maji. Wanafunzi wametawanyika, wengine wako machungani mbali. Jirani wenye visima ndio walio karibu na miche hiyo, na yapasa wapewe zamu zao kabla kengele ya mwisho haijalia.