Dokta, Nyundo na Goti Langu

Najua nimeadimika hapa karibu wiki tatu, na baadhi yenu mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa mgonjwa. Siyo mgonjwa wa kweli, mgonjwa wa mazoezi, na kazi hiyo ndiyo imenifanya leo niache kupiga msuli nitoe dukuduku langu.

Chumbani tuko wanne, na mmoja anasoma udaktari mwaka wa nne. Jina naliweka kapuni. Mimi namwita Dokta, yeye ananiita Mwalimu, ingawa wote bado hatujawa chochote. Mwaka jana alianguka kwenye ule mtihani wao wa vitendo, OSCE, wenyewe wanatamka "oski", na kilichomwangusha ni neuro, yaani mambo ya ubongo na mishipa ya fahamu. Akarudia mwaka. Mama yake anauza dagaa Mwanza, na ule mwaka wa ziada wote umetoka kwenye dagaa. Alhamisi ijayo anaingia tena. Mkimwona kimbwetani ana macho mekundu, msimuulize kitu.

Kwa sisi wa elimu ambao hatuujui huo mtihani, uko hivi. Unaingia kituo cha kwanza, kuna mgonjwa au mtu anayeigiza mgonjwa, kuna mtahini ana karatasi ya kuweka alama. Unaambiwa mpime mishipa ya fahamu ya kichwani, au mpime miguu. Dakika chache kengele inalia, unahamia kituo kingine. Aliyeanzisha ni Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, wakauchapisha mwaka 1975. Zamani mwanafunzi aliweza kupangiwa mgonjwa mmoja na mtahini mmoja, sasa ukiangukia mgonjwa mgumu na mtahini aliyeamka vibaya, shauri yako. Harden alitaka wote wapite vituo vilevile kwa karatasi ileile. Mtu wa elimu kama mimi siwezi kuupinga mtihani wa aina hiyo, nasema mapema ili nisije nikaeleweka vibaya huko mbele.

Ninachopinga ni jinsi watu wanavyojiandaa nao.

Siku ya kwanza Dokta alinilaza kitandani, desa lake liko ukutani limebandikwa kwa dawa ya meno. Jozi 12 za mishipa ya kichwani, kwa mpangilio. Wadau, alinipitia kama anafukuzwa. Nuse. Soma. Fuata kidole. Tabasamu. Kunja paji la uso. Toa ulimi. Pandisha mabega. Dakika nne kamaliza, anajipongeza. Nikamuuliza swali la kijinga tu: "Dokta, mtu uso wake umepinda upande mmoja, kwa nini unamwambia akunje paji la uso?" Akaniangalia. Akasema, "Mwalimu, si ipo kwenye orodha."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alianguka. Nikamwambia afungue kitabu tusome wote. Kumbe paji la uso linapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo mtu akipata kiharusi ubongoni, mdomo unapinda lakini nyusi kwa kawaida anaweza kuzipandisha. Mshipa wenyewe wa usoni ukiumia, upande mzima unalala, paji na kila kitu, na jicho halifungi vizuri. Ile kunja paji ndiyo inakuambia ugonjwa umekaa wapi! Na Dokta alilijua hilo, alilisoma mwaka wa pili kwenye anatomia, na akafaulu. Ila lilibaki huko huko mwaka wa pili.

Ugonjwa wake una jina. Mwaka 1994 daktari mmoja wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliandika kuhusu woga huu wa wanafunzi na akauita neurofobia. Alisema unatokana na mwanafunzi kushindwa kuunganisha sayansi aliyosoma darasani na mgonjwa aliye mbele yake. Niliposoma hapo nilicheka kwa uchungu, maana mimi nimeshaugua ugonjwa huohuo nikiwa na chaki mkononi.

BTP ya mwaka jana nilifundisha kidato cha pili. Andalio la somo lilikuwa safi, utangulizi, kujenga maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, hitimisho, kila kitu na dakika zake. Nikamaliza nikauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima, "Ndiyooo mwalimuuu!" Msimamizi wangu alikuwa amekaa nyuma. Akamgeukia mtoto wa jirani yake akamwomba aeleze nilichofundisha, yule mtoto akaangalia ubao kama amefika jana.

Sasa mkae mmwangalie mwanafunzi wa udaktari anapima hisia za miguu kwa pamba. Anagusa, anauliza, "Unasikia?" Mgonjwa, "Ndiyo." Anagusa kwingine, "Unasikia?" "Ndiyo." Ni tumeelewana ileile! Nani kwetu atamwambia daktari hapana? Na kila ukiuliza umeshamwambia kwamba umegusa. Tuliibadilisha na Dokta: mgonjwa afumbe macho, aambiwe, "Kila ukihisi nimekugusa sema ndiyo," halafu wewe nyamaza, gusa, subiri, usiguse kwa mwendo wa saa ukutani. Usiku ule nilimdanganya makusudi, nikasema ndiyo wakati hajagusa, akanikamata. Nilifurahi kuliko yeye.

Hili la lugha lina historia kwangu. Bibi yangu alipata kiharusi mwaka 2019 akalazwa hospitali moja, mimi ndiye niliyekuwa namhudumia. Wakaja wanafunzi. Mmoja akashika mkono wa bibi, ule mzima, akawa anaukunja na kuunyoosha huku anamwambia, "Bibi, rilaksi. Rilaksi bibi." Bibi hajui rilaksi ni nini. Alichokiona ni kijana anamvuta mkono, akaukaza. Yule kijana akavuta, bibi akakaza. Akaandika kitu kwenye daftari akaondoka, na mpaka leo najiuliza aliandika nini. Bibi akaniuliza, "Huyu mtoto ananidai?"

Nilimsimulia Dokta, akanyamaza muda mrefu. Anajua, kwa sababu kupima ulegevu wa msuli na kupima nguvu vinataka amri mbili zinazopingana, na ukizichanganya majibu yote ni uongo. Tukakaa tukatafuta maneno. Ya ulegevu tumekubaliana hivi: "Bibi, nipe mkono niubebe mimi, wewe usinisaidie." Hiyo "usinisaidie" ndiyo dawa yenyewe, maana watu wetu wana heshima, ukimshika mkono anakusaidia kuunyanyua. Ya nguvu: "Kunja mkono, kaza, usikubali nikushinde." Tuliwajaribia wapishi wawili wa kantini na mama anayetuuzia vitumbua, wote watatu walielewa mara ya kwanza. Desa lake lilikuwa la Kiingereza mwanzo mwisho, na mtu anayeigiza mgonjwa siku ya mtihani ataongea Kiswahili!

Kuhusu nguvu, kuna kipimo cha 0 mpaka 5 kilichotolewa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, askari wengi walipokuwa wanaumia mishipa. 0 hakuna kinachotikisika, 3 mtu anaweza kunyanyua kiungo dhidi ya uzito wake tu, 5 ni mzima. Dokta alikuwa anakariri namba bila kuziona. Nikamwigizia zote sita kitandani, moja baada ya nyingine. Ile ya 1, msuli unacheza kidogo lakini kiungo hakiendi popote, ilinishinda, tukaishia kucheka.

Halafu magoti. Mshtuko wa goti ukiligonga kwa nyundo ulielezwa na Wajerumani wawili, Erb na Westphal, mwaka uleule mmoja, 1875, miaka 100 kamili kabla ya oski. (Nimependa tu hiyo hesabu.) Dokta alikuwa anagonga anaandika "ipo". Sawa ipo, halafu? Nikamuuliza kwa lugha ya hosteli. Waya mmoja unatoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo, mwingine unatoka hapo hadi kwenye msuli. Ule wa juu ukiharibika, mguu unakakamaa, goti linaruka kupita kiasi, na ukikwaruza unyayo kidole gumba kinapanda juu, kama alivyoonyesha Babinski kule Paris mwaka 1896. Ule wa chini ukiharibika mguu unalegea, unakonda, goti halijibu. Ni kama umeme: hosteli nzima ikiwa giza huanzi kufungua balbu ya chumbani kwako. Toka siku hiyo amri yangu ni moja, kila akimaliza kugonga lazima aniambie hitilafu iko sehemu gani ya waya, ndiyo ahamie kwingine.

Vitabu navyo. Vingi anavyosoma mgonjwa wake ni mzee wa London. Mimi nilikutana na Neurology in Africa cha William Howlett, daktari aliyefanya kazi miaka mingi KCMC Moshi, kilitoka 2012 na kinapatikana bure. Mle kuna konzo. Mnaijua? Inawapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, sumu yake inaharibu ile waya ya juu, na miguu yote miwili inakakamaa ghafla, lakini hisia ziko salama. Iliwapata watu wa Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame. Dokta aliposoma ukurasa ule alisema peke yake bila kuulizwa, "Magoti yataruka, pamba watahisi." Nikampigia makofi mpaka jirani akagonga ukuta.

Wapo wanaonibishia. Darasani kwao kuna kaka mmoja ananiambia, "Mwalimu, mtahini anaweka tiki, hakuna tiki ya kufikiri, na dakika zenyewe hazitoshi." Kwenye dakika namuunga mkono. Lakini mtahini mwishoni anauliza umekuta nini na unadhani ni nini, na hapo ndipo Dokta aliposimama kama mlingoti mwaka jana. Wengine wanataka mtihani wenyewe ufutwe, wanasema mbona Marekani wamefuta. Kweli, Wamarekani walikuwa na mtihani wa namna hiyo kwenye leseni yao ya udaktari tangu 2004, wakausimamisha 2020 kwa sababu ya korona na 2021 wakatangaza haurudi. Wao wana sababu zao. Mimi nimeshamshika mkono bibi pale wodini, nataka kila anayekuja na nyundo awe ametazamwa na mtu kwanza, hata kama ni kwa karatasi ya tiki.

Alichobakiza Dokta ni kutembea. Anasahau kumwambia mgonjwa atembee, kila siku anasahau, na kutembea ndiko kunakosema mengi. Jana nimebandika karatasi nyekundu mlangoni, ATEMBEE, na mwenzetu wa jiografia ameshajikwaa mara mbili akidhani ni yeye anayeambiwa.

Kuna jambo tunawaomba. Magoti ya humu ndani ameshayazoea, anajua la nani linaruka na la nani linasitasita. Anataka mageni. Kuanzia leo mpaka Jumatano, saa mbili usiku, kimbweta cha karibu na bomba. Njooni na kaptula au gauni pana, hakuna malipo ila kuna karanga. Kaka zangu wa michezo mnaosema hamuogopi kitu, aina ya pili ya nyundo yake ina ncha upande wa nyuma, na hiyo ndiyo ya unyayo.